Puukko ya Zamani: Mwongozo Kamili wa Kuinunua, Kuisafisha na Kuinoa Bila Kuiharibu

Mwezi uliopita kijana mmoja anayeishi Turku, mji wa Finland, aliniletea puukko aliyoinunua sokoni. Akaichomoa kwenye ala kwa madaha: "Kaka, ona nilivyoing'arisha." Bapa lilikuwa linameta kama kijiko cha harusi. Chapa ya mtengenezaji ilikuwa imefutika, pembe za makali zimekuwa duara, na karibu na ncha kulikuwa na doa la bluu, dalili kwamba chuma kiliungua na ugumu wake ukaondoka. Sikumlaumu. Puukko yangu ya kwanza niliimaliza vivyo hivyo kwa grenda, dakika tano tu. Lakini huyu ni wa nne mwaka huu, na wote wanne wamejikwaa kwenye jiwe lile lile: wananunua kisu cha zamani, halafu wanakifanyia usafi wa sufuria.

Kwa ambaye hajawahi kuishika, puukko ni kisu kifupi cha Kifini cha kuvaa kiunoni. Bapa lake mara nyingi lina sentimita 8 hadi 11, mgongo umenyooka, mpini hauna kizuizi cha vidole. Kila upande una mshazari mmoja mpana unaoteremka bila kukatika mpaka kwenye makali. Likumbuke neno hilo, mshazari. Wengi huharibikiwa hapo.

## Vifaa: viandae kabla hujaenda sokoni

Vya kukagulia:

- Kioo kidogo cha kukuzia, cha mara 10, kama kile cha masonara.
- Sumaku ndogo. Ya kwenye friji inatosha.
- Rula.

Vya kusafishia:

- Mafuta ya cherehani.
- Sarafu ya senti 10, 20 au 50 ya euro. Hizi ni za aloi ya shaba, laini kuliko bapa, kwa hiyo zinakwangua kutu bila kuchora chuma. Usichukue senti 5, maana ndani yake ni chuma kilichovikwa shaba. (Senti 1 na 2 huzioni Finland, bei za taslimu hukamilishwa kwenye senti 5 iliyo karibu.)
- Vitambaa vya pamba na vijiti vya kuchokolea meno.
- Mafuta ya mbegu za kitani, dukani huitwa pellavaöljy.
- Nta ya nyuki, kidogo tu.

Vya kunolea:

- Mawe mawili ya kunolea ya maji, namba 1000 na namba 6000 au karibu na hapo.
- Kipande cha ngozi kilichogundishwa kwenye ubao, pamoja na dawa ya kung'arishia makali.
- Maka peni nyeusi.
- Selotepu ya karatasi, ile ya mafundi rangi.

Kuna vitu vinne nakuomba uviache dukani: grenda, msasa wa kusugulia bapa, dawa kali ya kuondoa kutu, na kile kinoleo cha jikoni chenye mfereji ambapo kisu unakivuta tu. Hicho cha mwisho ndicho adui mkubwa. Kimetengenezwa na pembe yake chenyewe, pana kuliko ya puukko, na kila ukivuta kinakata makali mapya juu ya yale ya asili.

## Hatua ya 1: Amua unakusanya nini

Anayenunua kila anachokiona huishia na boksi la visu visivyohusiana. Chagua mlango mmoja wa kuingilia. Mimi naiona mitatu inayomfaa anayeanza.

Mlango wa kwanza ni Kauhava, mji wa Etelä-Pohjanmaa, magharibi mwa nchi. Kampuni ya Iisakki Järvenpää ilianza hapo mwaka 1879, na ndiyo iliyoleta ile puukko yenye kichwa cha farasi mwishoni mwa mpini. Huko pia utakuta mipini ya tuohi, yaani gome la mti wa koivu (birch kwa Kiingereza) lililokatwa vipande vyembamba, vikapangwa kama sarafu na kukandamizwa pamoja. Ishike wakati wa baridi ndipo utaelewa: tuohi haikuchomi baridi kama chuma, na mkono ukilowa hauteleziki. Kauhava wana hata makumbusho ya puukko. Ukipita huko ingia, jicho lako litajifunza mengi zaidi kwa saa moja kuliko kwa mwezi mzima wa kutazama picha.

Wa pili ni Tommi, puukko ya Hyrynsalmi katika mkoa wa Kainuu. Mhunzi wake alikuwa Kalle Keränen, na jina Tommi linatokana na Thomas Woodward, fundi Mwingereza aliyemfundisha kazi kwenye kiwanda cha Fiskars. Ina manoleo (pete za mpini) ya shaba na ala yenye shaba pia. Tommi nzuri ya zamani ina bei, lakini wahunzi wa leo bado wanazitengeneza kwa mkono.

Wa tatu ni Lapland, kaskazini. Marttiini ilianzishwa Rovaniemi mwaka 1928, na visu vyake vya miaka mingi vimejaa masokoni, kwa hiyo ndivyo vya kujifunzia. Huko pia kuna leuku, kisu kikubwa cha Wasami, wenyeji wa asili wa kaskazini, zaidi ya mara moja na nusu ya puukko ya kawaida, cha kukatia matawi na kupasulia kuni.

Kama mfuko ni mwembamba, anza na puukko za kazi za kiwandani: Fiskars, au Hackman wa Sorsakoski. Nyingi zina mpini wa koivu usio na urembo wowote. Watu wanazidharau, mimi nazipenda kwa sababu hizo ndizo Wafini walikuwa wanazitumia kweli.

Umefanikiwa hatua hii ukiweza kusema kwa sentensi moja unachokitafuta, mfano: "natafuta puukko za kazi zenye chapa, bapa la kaboni, na ala yake ya asili."

## Hatua ya 2: Ikague mkononi

Hii ndiyo hatua ya pesa. Usione haya kuchukua dakika kumi. Kwenye kirpputori, yaani soko la vitu vilivyotumika, visu vingi hufungiwa kwenye kabati la kioo, kwa hiyo mwite mhudumu na umuulize: *Saanko katsoa?* Naomba nitazame. Akikupa, fuata mpangilio huu.

Ala kwanza, kisu kikiwa ndani. Geuza yote juu chini, mkono mwingine ukiwa tayari kudaka kwa kitambaa kinene. Ala ya puukko humeza karibu nusu ya mpini na kuushika kwa msuguano. Kisu kikidondoka, ama ngozi imelegea ama hiyo ala ni ya kisu kingine. Kuoanisha ala na kisu visivyo ndugu ni mchezo wa kawaida sokoni, si lazima kwa ubaya. Mtu alirithi visu vitano na ala nne, akavichanganya.

Sasa ichomoe, upime. Weka bapa juu ya ala kwa nje na utazame ncha inafika wapi. Ndani ya ala nyingi kuna kipande cha mbao kilichofichwa, lesti, kilichochongwa kwa umbo la bapa la asili. Kama bapa ni fupi kwa sentimita mbili kuliko nafasi yake, au limekonda tumboni huku karibu na mpini limebaki pana, basi limenolewa miaka mingi mpaka likaliwa. Kwa kisu cha kutumia si dhambi. Kwa mkusanyaji bei lazima ishuke sana.

Tazama mshazari ukielekea dirishani. Inua bapa mpaka mwanga uteleze juu ya mshazari. Ukiona uso mmoja tu kutoka juu hadi makali, umepata. Ukiona mstari mwembamba wa pili unaometa pembezoni kabisa mwa makali, mtu alishainoa kwa pembe nyingine. Unarekebishika. Ukiona mshazari umekuwa duara na kingo zake za juu hazieleweki, hapo grenda imepita. Hilo halirudi.

Tafuta doa la bluu karibu na ncha. Rangi hiyo ni ya joto. Chuma cha pale kimelegea, hakitashika makali.

Kutu. Ukungu mwekundu unaotoka kwa kidole haukutishi. Kinachotisha ni vishimo. Chukua kioo cha kukuzia, tazama karibu kabisa na makali. Shimo likifika kwenye makali litakuwa pengo kila utakaponoa.

Sumaku kwenye noleo. Noleo ni ile pete ya madini kati ya bapa na mpini. Shaba halisi na aloi ya shaba na nikeli hazivutwi. Ila msuka, yaani mkia wa bapa uliozama ndani ya mpini, ni chuma na utaivuta sumaku kidogo ukiikaribia. Kwa hiyo gusa sehemu ya nje ya pete, mbali na katikati. Ikinasa tap! noleo ni bati lililopakwa rangi ya shaba, na mara nyingi kisu chote ni cha kuuzia watalii. Hizo za kichwa cha farasi za bei rahisi hunaswa hapa.

Mtikisiko. Shika bapa kwa kitambaa kwa mkono mmoja na mpini kwa mwingine, sukuma taratibu kulia na kushoto. Kisha igonge kidogo kwenye kiganja karibu na sikio. Mlio mkavu wa *tik* ndani ya mpini ni msuka uliolegea. Tazama na kitako cha mpini: kama msuka umepenya hadi mwisho utaona kichwa chake kimepondwa juu ya kibati kidogo. Ukiona gundi mpya inayometa, imeshafunguliwa.

Chapa. Isome kwa kioo, kwenye bapa karibu na noleo, na nyuma ya ala. Chapa pekee haikuambii mwaka, maana viwanda vilitumia jina lile lile kwa miongo. Ukiona neno "Finland" kwa Kiingereza huenda kisu kilifikiriwa kwa ajili ya mgeni au ng'ambo. Nyumbani wao ni Suomi. Hilo halikifanyi kibaya, linakusaidia tu kupanga bei.

Maswali mawili ya kumuuliza muuzaji: *Kenen tekemä?* (nani aliitengeneza?) na *Onko terä hiiliterästä?* (bapa ni la chuma cha kaboni?). La pili ni muhimu kwa sababu chuma cha kaboni kinashika kutu na kisichoshika kutu hakishiki, na matunzo yake ni tofauti. Asipojua, tazama mwenyewe: bapa la kaboni lililotumika lina rangi ya kijivu yenye mawimbi, kama moshi. Lile jingine hubaki jeupe miaka yote.

## Hatua ya 3: Bei

Kwenye kirpputori za meza za kujihudumia, bei iko kwenye kibandiko na mwenye mali hayupo. Hapo hakuna kupatana, lipa au acha. Kwenye peräkonttikirppis za kiangazi, watu wanapouza vitu kutoka nyuma ya magari, uliza kwa upole: *Onko tässä tinkivaraa?* (bei inapungua?). Mfini akikuambia hapana, ni hapana. Usimzunguke mara tatu kama uko Kariakoo, utamkera na atakifunga.

Kanuni yangu: naanza na bei ya puukko ya kazi isiyo na jina, naongeza kwa chapa, naongeza kwa ala ya asili, napunguza kwa bapa lililoliwa. Kisu chenye alama za grenda sinunui hata kwa euro tano, isipokuwa nataka cha kujifunzia kunoa. Kwa kweli nakushauri ununue kimoja cha hivyo makusudi. Utakuja kukishukuru kwenye hatua ya 7.

## Hatua ya 4: Ipige picha kabla hujaigusa

Pande zote mbili za bapa, mgongo, chapa, kitako cha mpini, ala mbele na nyuma, pamoja na rula ndani ya picha. Andika ulikonunua, tarehe na maneno ya muuzaji jinsi alivyoyasema. "Ilikuwa ya baba yangu, alikuwa mvuvi Inari" ni sehemu ya kisu hicho, na haipo popote ila kichwani mwa mtu uliyekutana naye mara moja.

## Hatua ya 5: Ondoa kutu, acha rangi

Kuna mambo mawili yanafanana machoni lakini yametofautiana kama usiku na mchana. Kutu nyekundu ni ya unga, inakula chuma na inaendelea kula. Rangi ya kijivu, nyeusi au ya bluu hafifu iliyoenea taratibu kwenye bapa la kaboni ni ngozi ya uzee. Imetulia na inasaidia kuzuia ile nyekundu. Ya kwanza inaondoka. Ya pili inabaki. Mnunuzi anayejua akikuta ya pili imesuguliwa, anarudisha kisu mezani. (Doa la joto la hatua ya 2 ni jambo jingine: hilo hukaa sehemu moja, kwa kawaida nchani, pamoja na michirizi ya grenda.)

1. Funga makali kwa selotepu ya karatasi, mikunjo miwili. Ajali nyingi hutokea wakati wa kusafisha, si wakati wa kukata.
2. Paka mafuta ya cherehani kwenye kutu tu. Iache usiku kucha. Mafuta yanahitaji muda kupenya, na subira hii ndiyo inayokuokoa na msasa.
3. Kesho yake kwangua kwa ukingo wa sarafu, ukiilaza karibu sawa na bapa, kwa mikwaruzo mifupi. Utaona tope la kahawia. Lifute, ongeza mafuta, rudia.
4. Karibu na chapa tumia kijiti cha meno peke yake.
5. Kitambaa kikitoka bila wekundu, simama. Hata kama bado kuna doa jeusi. Hasa kama bado kuna doa jeusi.

Onyo: bapa lenye michoro au maandishi ya mapambo, kama zile puukko za zawadi za Kauhava, usilikwangue hata kwa sarafu. Mafuta na kitambaa vinatosha. Michoro mingi ni ya juu juu mno.

Umefanikiwa ukipitisha kitambaa cheupe kikavu na kikabaki cheupe, na bapa bado linaonekana la zamani.

## Hatua ya 6: Mpini na ala

Mpini wa mbao ya koivu, au visakoivu ile yenye madoa kama ya chui, ufute kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, uukaushe siku nzima, kisha paka mafuta ya kitani kwa kidole. Tone moja kwa upande. Baada ya robo saa futa yaliyobaki yote. Ukiacha tabaka nene litanata, na ukifika mwezi wa pili mpini utakuwa umekusanya vumbi la nyumba nzima.

Hapa soma mara mbili: kitambaa chenye mafuta ya kitani ukikikunja na kukitupa kwenye pipa kinaweza kupata joto chenyewe na kuwaka. Si hadithi. Kitandaze nje kikauke kikiwa bapa, au kiloweke ndani ya maji kabla ya kukitupa.

Mpini wa tuohi hauhitaji mafuta haya. Kausha, futa, basi. Jasho la mkono wako litafanya kazi iliyobaki.

Manoleo ya shaba yaliyofifia yaache yalivyo. Dawa za kung'arishia shaba huingia kwenye mfereji kati ya noleo na mbao, zikikauka huacha mstari mweupe usiotoka maisha. Kama kuna uchafu wa kijani, hasa pale shaba inapogusana na ngozi ya ala, ni mafuta ya ngozi yaliyokutana na shaba. Uchokoe kwa kijiti cha meno.

Ala: ondoa vumbi, kagua mshono wa nyuma. Nta ya nyuki kiasi cha punje ya mtama, sugua kwa kiganja mpaka ipate joto na kupotea. Usiiloweke kwenye mafuta, ngozi italegea na kisu kitaanza kudondoka. Uzi ukiwa umekatika sehemu moja mpelekee fundi viatu, mwambie atumie matundu yale yale ya zamani.

## Hatua ya 7: Kunoa

Kwanza jiulize kama kuna haja. Puukko ambayo haijawahi kunolewa tangu itoke kwa mhunzi, usiinoe. Makali ya kwanza ni saini ya aliyeyatengeneza, na yakiondoka hakuna atakayeyarudisha. Noa zile ambazo zilishanolewa na ambazo utazitumia.

Sasa siri yenyewe. Visu vya jikoni tumezoea kuvipa pembe: unainua mgongo kidogo, unavuta. Puukko huipi pembe. Pembe yake tayari iko kwenye mshazari. Unaulaza mshazari wote juu ya jiwe, kama unavyolaza pasi juu ya shati, na huuinui. Wale wanne niliowataja mwanzoni walishindwa hapa kabla hata ya kushika grenda: walinoa kwa kuinua, kisu kikakata vizuri siku mbili, kikagoma, wakakasirika, wakaenda kwenye mashine.

7.1. Bandika selotepu ya karatasi juu ya bapa, usawa wa ukingo wa juu wa mshazari, ili jiwe likiteleza lisichore sehemu yenye rangi ya uzee.

7.2. Loweka jiwe la 1000 mpaka mapovu yaishe, au fuata maelekezo ya lako. Hakikisha limenyooka: weka rula juu yake kwa ukingo, ukiona mwanga katikati limebonyea. Lisugue juu ya msasa uliolowa uliolazwa kwenye kioo. Hiyo ndiyo kazi pekee ya msasa katika mwongozo huu.

7.3. Paka mshazari wote wino wa maka peni. Ulaze kwenye jiwe, vidole viwili vikikandamiza katikati ya mshazari. Sukuma mara tano tu. Inua, tazama.

- Wino umeondoka sehemu yote: uko sawa, endelea.
- Umeondoka pembeni mwa makali tu: umeinua mgongo. Laza.
- Umeondoka juu tu, upande wa mgongo, na kwenye makali umebaki: kuna mshazari mdogo wa pili aliouacha mtu kabla yako. Una njia mbili. Kuusaga mshazari mzima mpaka ufike, kazi ya saa moja au zaidi na chuma kinapungua. Au kuupunguza kidogo kidogo kila unaponoa, mwaka hata miwili. Kwa kisu cha zamani chagua ya pili.
- Umeondoka kwa mabaka: bapa limefuliwa kwa nyundo na si tambarare kabisa. Usilazimishe, ni tabia yake.

7.4. Endelea kwa mwendo wa polepole kutoka kwenye noleo kwenda kwenye ncha. Ukifika pale makali yanapopinda kuelekea ncha, inua mkono wenye mpini kidogo kwenda juu, ili mshazari uendelee kugusa jiwe. Usipofanya hivyo ncha haitanolewa, ukizidisha utaipunguza.

7.5. Acha upande mmoja pale tu utakapopapasa unyuzi wa chuma upande wa pili, kuanzia mwanzo hadi ncha. Papasa kwa kidole gumba kutoka kwenye mgongo kwenda nje, ukivuka makali, kamwe si kufuata makali. Unyuzi huo una hisia ya ukucha uliokatwa vibaya. Geuza, fanya upande wa pili.

7.6. Hamia jiwe la 6000, mkono mwepesi, pande zikipokezana. Kisha kwenye ngozi: mshazari umelala vile vile, lakini sasa unavuta kinyumenyume, makali yakiwa nyuma. Mara ishirini kila upande. Ukisukuma mbele utaikata ngozi, na pengine goti.

7.7. Osha, kausha mara moja, paka mafuta. Bapa la kaboni likibaki na maji hata nusu saa utaliona na madoa kama ya chai.

Kujua umefanikiwa, achana na kunyoa nywele za mkono. Hata kisu kibovu hunyoa. Chukua kijiti cha mbao laini, msonobari kwa mfano, uchonge usoni polepole. Puukko iliyonolewa vizuri inatoa unyoya mrefu uliojikunja, na pale ulipochonga panang'aa kama pamepakwa vanishi. Ukiona mstari mmoja mwembamba kwenye mng'ao huo, kuna pengo dogo kwenye makali mahali palepale. Rudi kwenye jiwe la 6000.

## Hatua ya 8: Kuihifadhi na kuibeba

Usiihifadhi ndani ya ala. Najua inapendeza hivyo, lakini ngozi hunyonya unyevu, na ina dawa zilizotumika kuilainisha, na vyote viwili hula kaboni. Bapa lipake mafuta membamba, likunje kwenye karatasi isiyo ya gazeti, ala iwe kando yake na kibandiko chenye namba ya picha zako.

Kuhusu kutembea nayo: Finland kuna sheria ya utulivu wa umma, Järjestyslaki, ya mwaka 2003, inayokataza kubeba kisu mahali pa umma bila sababu inayokubalika. Kwenda kuvua au kazini ni sababu. Kuzunguka nayo kituo cha treni Ijumaa usiku kwa kuwa inapendeza kiunoni, sivyo. Ukitoka kuinunua ifunge vizuri, iweke chini kabisa ya begi, risiti ikiwa karibu. Ukisafiri kwa ndege iende kwenye begi la kukabidhi, kamwe si la mkononi, na kabla ya kuipeleka nyumbani kama zawadi ulizia taratibu za forodha za unakokwenda.

Kila baada ya miezi mitatu zifungue uzitazame moja moja. Ukikuta kwenye bapa alama ya kahawia yenye mistari ya kuzunguka kama ile ya kwenye kitambulisho, linganisha na kidole gumba chako. Tone la mafuta, kijiti cha meno, na mara nyingine shika mpini.